MJADALA: Kodi ya fremu ya kubeti ikitolewa zaka, kanisa lipokee?

Mleta mada

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naleta hoja, tujadili bila kurushiana maneno.

Hapa Ngamiani, Tanga, kuna mzee wa kanisa ana nyumba yenye fremu mbili kwa mbele. Moja inauza spea za baiskeli. Ya pili ilikuwa ya vitenge, ikafungwa, sasa kaipangisha kwa watu wa kubeti. Kodi laki mbili na nusu kwa mwezi, miezi sita imelipwa kwa mkupuo. Jumapili iliyofuata akatoa zaka kamili, bahasha ikatajwa, kanisa zima likapiga makofi.

Kisheria hana kosa. Wana leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, imebandikwa ukutani, na chini yake onyo kwamba walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi. TRA wanapata kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango. Kanisa nalo asilimia 10. Kila mmoja kachukua chake, na risiti zipo.

Sasa hoja yangu. Tukisema Mkristo amebweteka, tunamfikiria yule asiyeonekana ibadani, hafungi, Biblia yake ina vumbi. Huyo hana shida, anajulikana. Mimi nasema aliyebweteka hasa ni yule anayetii vizuri kabisa mpaka utii ufike mfukoni. Akifika hapo anasimama, kisha anatoa sadaka ili asiulizwe. Someni 1 Samweli 15. Mfalme Sauli aliagizwa awaangamize Waamaleki pamoja na mifugo yao yote. Hakugoma kwenda vitani. Alikwenda, akapigana, akashinda, ila kondoo na ng'ombe walionona akawabakiza. Nabii Samweli anamuuliza, mbona nasikia kondoo wanalia? Jibu lilikuwa tayari mdomoni: hao ni wa kumchinjia Bwana. Ndipo akaambiwa kutii ni bora kuliko dhabihu.

Piteni pale Jumamosi jioni. Runinga nne zinaonyesha mechi, kaunta ina kalamu iliyofungwa kwa uzi isiibiwe, pembeni madubwi mawili, zile mashine za kamari, yanameza sarafu. Mama mmoja kasimama mlangoni na mtoto mgongoni, haingii, anamsubiri mumewe kabla hela ya wiki haijaisha. Mikeka, yaani karatasi za kubetia, iliyochanika inatapakaa mpaka barazani kwa mzee. Jumapili asubuhi mjukuu wake anaifagia, kisha anavaa viatu anakwenda shule ya Jumapili.

Na simlaumu mzee peke yake. Baraza la wazee wa kanisa lilijua pesa imetoka wapi, halikuuliza hata swali moja. Kanisa lipokee?

Fundi wa Chumbageni

Mkuu, punguza. Kwa nini kubeti tu? Tuna waumini wenye gesti, na hatujauliza wanaolala mle wana ndoa. Tuna madereva wanaobeba bia. Duka la mama yangu mdogo linauza sigara moja moja, na ndiye aliyenunua spika za kwaya. Tukianza kufuatilia kila shilingi ilikotoka, sanduku litarudi tupu. Hata Paulo aliwaambia Wakorintho kinachouzwa sokoni wale bila kuulizauliza.

Mama wa Raskazoni

Fundi, Paulo alisema wale. Hakusema wapangishe bucha.

Halafu umekatia njiani. Sura hiyohiyo ya 10 inaendelea: mtu akikwambia nyama hii imetolewa sadaka kwa sanamu, usile, kwa ajili ya huyo aliyekwambia. Haya, sisi tumeshaambiwa. Yule mama wa mlangoni anatuambia kila Jumamosi.

Mimi kinachoniumiza ni Mathayo 27. Yuda karudisha vile vipande thelathini vya fedha. Makuhani wakuu, ambao wenyewe ndio walioitoa hiyo pesa kumkamata Yesu, wakasema si halali kuiweka katika sanduku la sadaka. Wale watu wabaya kabisa, lakini sanduku walilionea haya. Sisi je?

Jirani wa barabara ya pili

Asalaam aleikum. Mimi Mwislamu, nimekuwa nikisoma kimya. Hao watu walianza kwangu. Niliwajibu kamari kwetu haramu, wakavuka barabara. Sijisifu, maana wanaokata mikeka mle wengine nasali nao safu moja. Ila kwa kuwa mzee ni mtu wa mbele kanisani, nilidhani kwenu imeruhusiwa.

Fundi wa Chumbageni

Waalaikum salaam jirani. Hapo umetupiga pabaya.

Mwenye fremu

Amina wanangu. Mimi ndiye. Mleta mada hakunitaja, lakini Ngamiani hii nani asiyejua?

Fremu ilikaa tupu tangu Pasaka. Kiinua mgongo changu kiliishia kwenye nyumba hiyohiyo, na wajukuu watatu ada zao ni mimi. Kabla sijasaini nilikwenda kwa mchungaji, nikamwambia nimepata mpangaji, ni watu wa michezo. Akaniombea. Hakuuliza michezo gani, nami sikufafanua. Kwa hiyo huyo Sauli mnayemsema namfahamu kuliko ninyi.

Mkataba unaisha Desemba. Nikiuvunja leo narudisha pesa ambayo sina, na nyingine imeshakuwa bati la kanisa, hilo linalowakinga mvua ninyi nyote. Mistari ya Biblia ninayo, miaka mingi nimeifundisha. Nipeni mpangaji.

Mleta mada

Shikamoo mzee. Sikutaka kukuaibisha, na umesema kweli kuhusu bati.

Kuna dada anashona sare za shule, anashonea chumbani kwake na sasa pamemzidi. Nimempigia simu. Fremu anaitaka kuanzia Januari, atakuwa na vyerehani vitatu. Lakini uwezo wake ni laki na ishirini.

Mwenye fremu

Marahaba. Laki na ishirini ada haitoshi mwanangu. Lakini mlete tuongee.

Mama wa Raskazoni

Shikamoo baba. Na hiyo laki na thelathini itakayopungua, wazee wa baraza, ni ya baba peke yake au na sisi tuliopiga makofi tumo?

Mleta mada

Baraza linakaa Alhamisi. Nitaomba iwe ajenda, na nitaomba mchungaji awepo.

Fundi wa Chumbageni

Niandikeni elfu kumi kila mwezi mpaka Juni. Na kwenye hoja yenyewe bado sijakubali, hasa hilo la gesti hamjanijibu.