Mtoto anaimba a-be-che-de yote ila "baba" anasoma "beabea", nimfanyeje?

MamaNasri_Mtw:
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nipo Mtwara mjini huku Chikongola. Mwanangu ana miaka sita kaingia la kwanza mwaka huu, mwanzo alikuwa nasari ya ingilishi midiamu ada ikanishinda nikamhamishia chekechea ya serikali. Herufi anaimba kuanzia a mpaka ze hakosei hata moja, majirani wanampigia makofi. Sa juzi nimechana boksi la sabuni nikamuandikia BABA nikamwambia soma, akakodoa weee afu akasema "be, a, be, a". Haya unganisha. "Beabea." Nikarudia mara tatu, beabea ileile, baba'ke anacheka mpaka anashika mbavu, mi uvumilivu ukaisha nikamzaba kikofi. Sasa hivi akiona kipande cha boksi tu anakimbilia kwa bibi yake. Najuta jamani. Nimfundishe ba be bi bo bu tuliyosoma sisi au hiyo ya sauti wanayosema walimu siku hizi?

Korosho_Ghafi:
Miaka sita unamkimbiza wapi dada, mi nimejua kusoma la tatu na leo karani wa mzani hanidanganyi hata robo kilo. Halafu Beabea jina zuri tu shemeji alizoee.

Ticha_LaKwanza:
Mama Nasri, mtoto hajakosea, kasoma kile kile alichofundishwa. "Be" ni jina la herufi. Paka anaitwa paka lakini analia nyau, na herufi nayo ina jina na ina mlio, kwenye kusoma tunatumia mlio. Mlio wa b ni midomo kufunga na kuachia, ile e ya nyuma usiitie. Ndo maana tangu mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika, Kuhesabu) wa 2015 la kwanza na la pili tunaanza na sauti.

Wimbo muache aimbe ila boksi la BABA lifiche kwanza. Anza na irabu tano, a e i o u, hapo Kiswahili kimetupendelea maana jina na sauti ni kitu kimoja. Zikikaa mpe m. Kwa nini m, kwa sababu inavutika: mmmmm afu unadondokea kwenye a, "mmmma", anasikia mwenyewe zinavyogandana. B huwezi kuivuta, ukiilazimisha ndo unapata "be". Na kwa m moja tu na irabu anasoma mama, mimi, uma, umeme, hadi sentensi nzima "mama ameumia". Dakika kumi kwa siku, akichoka acha. Na kabla ya karatasi cheza naye kwa mdomo tu, "nimeona kitu kinaanza na mmm", atafute, mkeka, maji, moto.

Bibie_wa_Newala:
Ticha kwenye mkeka hapo atakwama, huku kwetu ni nkeka 😂 Wangu nilimfundisha hivo hivo kwa sauti, siku moja kaniandikia "ntu" na "nkono" nikamgombeza, akanijibu "mama si ndo unavyosema". Nikajisikiliza, kweli ndo ninavyosema!

Ticha_LaKwanza:
Umenikamata, dada. Mkeka toa, weka meza. Na wako hakukosea kusikia, kaandika alichosikia, hiyo ni dalili nzuri kabisa. Usimcheke, mwambie nyumbani tunasema ntu, daftarini tunaandika mtu. Mpigie makofi mawili, m, tu, aone hiyo m inasimama peke yake bila irabu. Wengi wanakuja kukwama hapo, maana kashazoea kila konsonanti ina irabu nyuma yake.

Mzee_Mikindani:
Sisi tuliandika ba be bi bo bu mchangani kwa kijiti, sauti hizo hatukuzijua na tulisoma.

Ticha_LaKwanza:
Shikamoo mzee. Silabi hatujazitupa, zinafuata baada ya sauti. Ubaya ni kuziimba kama kaswida. Muoneshe mtoto "bo" peke yake, ukiona anaanza kunong'ona ba, be, bi ndo afike bo, ujue kakariri mstari, hajasoma.

Dula_Lindi:
Mi nimemnunulia wangu zile kadi za foniki (sauti za herufi) za Kiingereza zinaanza s, a, t, i, p, n. Zinafaa?

Ticha_LaKwanza:
Kwa Kiingereza zinafaa. Ila a ya kadi hizo siyo a yetu, kwao herufi moja ina sauti kibao, kwetu a ni a popote uikute. Usimpe zote mbili siku moja. Hata Nasri akitoa "bii", jina la b kwa Kiingereza, kaitoa nasari ya kwanza, itapotea yenyewe.

MamaNasri_Mtw:
Wiki ya tatu leo, narudi na mrejesho. Mara ya kwanza hakutaka hata kunisogelea, nikaacha karatasi nikawa nacheza naye nikipika, "nimeona kitu kinaanza na mmm", kanitajia moto, maji, muhogo, afu akasema "mabibo" wakati hata msimu bado. Siku ya nne kachukua mkaa mwenyewe. Jana natoka sokoni nakuta jirani yangu yupo mlangoni na kanga kajitanda, pole mama Nasri, umeumia wapi? Naangalia ukuta wa jikoni, miherufi mikubwa kama milango: mama ameumia.

Nusu nimefuta, nusu nimeiacha. Ticha, b naileta lini, maana baba'ke mpaka leo mtaani wanamuita Beabea.

Ticha_LaKwanza:
😂😂 Mpe kwanza l, s na n, zinavutika pia. B ikija, anza na "bibi".