Kipimajoto cha sindano, cha waya au cha bunduki: kipi kinasema kweli?

BintiMakorora
Wandugu, habari za humu. Nipo Makorora, Tanga, natengeneza yogati ya vikombe. Maziwa nayapandisha hadi 85, nayaacha yapoe mpaka 43, ndipo natia yogati ya jana. Miaka miwili nimepima kwa kidole: ukikizamisha ukaweza kuhesabu hadi kumi bila kukitoa, basi tayari. Mwezi uliopita ndoo nzima ya lita 20 ikagoma kuganda. Nikasema yatosha, nanunua kipimajoto.

Sasa ninavyo vitatu, na nimechanganyikiwa kuliko nilipokuwa na kidole. Cha kwanza cha sindano ndefu, kinatumia betri ndogo ya saa, nimechukua Ngamiani kwa 10,000. Cha pili kina waya wa kama mita moja na kichwa cheusi cha kuzamisha, vile mafundi friji wanavyovibandika mlangoni, 8,000. Cha tatu cha bunduki, unaelekeza na kubonyeza, 45,000. Juzi nikavipima vyote kwenye sufuria moja ya maziwa. Sindano ikasema 64.8. Waya 62.1. Bunduki 41.

Arobaini na moja! Na maziwa yanafuka mvuke mbele ya macho yangu. Nani mkweli hapa, na nikibaki na kimoja nibaki na kipi?

FundiBaridi
Dada, usitupe kitu kwanza. Hiyo bunduki uliielekeza wapi, kwenye maziwa yenyewe au ubavuni mwa sufuria?

BintiMakorora
Ubavuni. Sufuria ya alumini, na naisugua haswa, unaweza kujitazama.

FundiBaridi
Ndipo penye tatizo. Bunduki haigusi kitu, inasoma mionzi ya joto inayotoka kwenye uso wa kile ulichokielekea. Alumini iliyosuguliwa hutoa mionzi yake kidogo mno, na inarudisha ile ya vitu vilivyo jirani, kama kioo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ulichopima ni ukuta wa jiko lako na wewe mwenyewe uliyesimama hapo.

Nyingi za bei chee zimefungwa kiwandani kwenye kipimo cha 0.95, yaani zinachukulia kwamba uso unatoa asilimia 95 ya mionzi ya joto unayoweza kutoa. Hicho kinafaa maji, chakula, mbao, ngozi, rangi. Na masizi! Chukua sufuria ya kuni, chemsha maji, piga upande wenye masizi, kisha piga pale palipong'aa. Sufuria ni ile ile, maji ni yale yale, na namba zitapishana vibaya sana. Kama huna masizi, bandika kipande cha utepe mweusi wa fundi umeme ubavuni, subiri kipate moto, piga hapo.

Kile kidoa chekundu nacho hakipimi chochote, kinakuonyesha tu unakoelekea. Kama imeandikwa 12:1, ukisimama sentimita 12 inapima duara la sentimita 1. Ukisimama mita moja, duara ni kama sentimita 8. Watu wanasimama mlangoni wanapima kikombe cha chai kilicho mezani, halafu wanalalamika.

Mimi naitumia kutafuta bomba lililoziba na kuangalia milango ya friji inayovuja. Kwa maziwa yako, hapana. Inaona ngozi ya juu tu, na ya chini hujui.

MzeeRaskazone
Mnahangaika bure. Nunueni cha sindano vitatu dukani, mchukue wastani. Viwili vikikubaliana, hao ndio wakweli.

MwalimuSoni
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Vitatu vya boksi moja vimetoka kiwanda kimoja, pengine siku moja. Vikikosea, vitakosea pamoja kama wanafunzi walionakili kwa mwenzao. Kukubaliana kwao hakutuambii kitu.

Kingine kinachowadanganya watu ni ile nukta ya desimali. Kioo kinaandika 64.8, mtu anaamini kimepima mpaka sehemu ya kumi ya nyuzi. Saa iliyochelewa dakika tano nayo inaonyesha sekunde. Tazama karatasi iliyomo ndani ya boksi: nyingi za sindano zimeandikwa kujumlisha au kutoa 1. Maana yake vyako viwili vingeweza kupishana kwa nyuzi mbili na vyote vikawa ndani ya ahadi ya aliyevitengeneza. Hivyo vimepishana 2.7, kwa hiyo angalau kimoja kimetoka nje ya mstari.

Unahitaji shahidi asiyetengenezwa kiwandani, na hao wawili unao nyumbani: barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka. Barafu iliyochanganyika na maji safi hukaa kwenye 0, haipandi mpaka kipande cha mwisho kiishe. Maji yanayochemka usawa wa bahari ni 100, na wewe uko Tanga, usawa wa bahari unao mlangoni. (Mswedi Anders Celsius alipoleta kipimo chake mwaka 1742 aliweka kinyume: 0 ndiyo kuchemka, 100 kuganda. Wenzake wakakigeuza baadaye. Darasa langu hucheka kila mwaka.)

KijanaUsambara
Hapo kwenye "usawa wa bahari" pigia mstari. Mimi niko Lushoto mjini. Nilinunua cha sindano nikakichemsha, kikasoma 95.4. Nikashuka nacho hadi Tanga mjini kumgombeza muuzaji, basi nauli kwenda na kurudi. Yule mama akanitazama, akatenga maji kwenye jiko lake la mkaa palepale dukani, akakitia: 100.1. Watu wamejaa. Nilitamani ardhi inimeze.

MwalimuSoni
😂 Pole. Lushoto mjini ni kama mita 1,400, na kila mita 300 hivi unazopanda, maji huchemka nyuzi moja mapema. Kwa hiyo kwako ni 95 na kitu. Chako ni kizima kabisa.

PwezaDeepSea
Na mimi niungame. Nauza samaki Deep Sea. Nilisoma mahali habari ya barafu, nikachota barafu kwenye boksi la samaki, nikatia kipimajoto. Kikasema -1.3. Nikajua kinapunja, nikawa najumlisha 1.3 kila siku, miezi minne. Kumbe barafu ile imeshakunywa maji ya bahari, na chumvi inashusha. Maji ya bahari yenyewe huganda karibu na -1.9. Kipimajoto kilikuwa kinasema kweli, mwenyewe nakigeuza kuwa mwongo.

FundiBaridi
Hahaa, Pweza! Basi Dada, barafu ya maji ya kunywa. Mimi hufanya hivi: naifunga kwenye kanga kuukuu, naiponda kwa mchi mpaka iwe kama chenga za mchele. Naijaza kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, namimina maji ya baridi mpaka yafike usawa wa barafu, si zaidi. Barafu ikielea juu na maji matupu yakabaki chini, chini hapo si 0 tena. Subiri dakika tatu nne, koroga, ingiza ncha katikati isiguse ukuta. Endelea kukoroga taratibu mpaka namba itulie. Cha waya kina uvivu, hubadilisha namba kila baada ya sekunde kadhaa, kipe muda.

Kwenye kuchemka, maji yatokote kweli kweli, sio vipovu vya pembeni. Ncha isiguse chini ya sufuria, pale ni moto kuliko maji. Na kichwa chenye kioo usikiweke juu ya mvuke. Toboa kipande cha boksi gumu, pitisha sindano, kiwe mwavuli. Mvuke ndio unaoua hivi vidude vya sindano, unaingia kwenye kitundu cha betri.

MamaWawiliBgy
Samahani kuingilia. Niko Bagamoyo. Kile cha homa cha kidijitali siwezi kutumia kwenye yogati? Kinaonekana makini zaidi.

FundiBaridi
Makini ndiyo, ila kimetengenezwa kwa mwili wa binadamu. Vingi vinaanza 32 na kukomea 42 na kitu, 43 ya yogati tayari kimepita mwisho. Na usikitie kwenye maji ya moto, utakiharibu.

MwanaMlingotini
Mimi natumia cha waya baharini, shamba la mwani. Mwani aina ya kotonii hauvumilii maji moto. Maji yakikupwa mchana wa jua kali, kwenye kina kifupi huchemka kama supu na mwani unapauka, unakatikakatika. Nikavuta waya toka mtumbwini, napima juu na napima chini. Kwangu hata kikikosea nyuzi moja sijali, mradi kikosee vilevile kila siku, maana natafuta tofauti ya hapa na pale. Kamba zangu nimezisogeza kina kirefu kwa sababu ya kidude hicho cha elfu nane.

Ubaya wake: maji chumvi yaliingia pale waya unapoingia kwenye kichwa cheusi. Wiki ya sita kikaanza kusema bahari ina nyuzi 51. Cha pili nimekipaka gundi ya silikoni hapo shingoni, kinakwenda mwezi wa tano.

BintiMakorora
Nimerudi na majibu. Nimeponda barafu mpaka jirani akauliza kama natwanga kisamvu usiku.

Barafu: sindano 1.1, waya -0.6.
Kuchemka: sindano 102.0, waya 98.9.
Bunduki kwenye utepe mweusi, sufuria inatokota: 97. Kwenye alumini tupu, sentimita mbili pembeni ya utepe: 44. Nimepiga mara tano sikuamini.

Sasa sindano inazidisha 1.1 chini na 2.0 juu. Nitoe ipi?

MwalimuSoni
Hapo umefanya kazi ya maabara. Kosa linakua polepole kutoka 1.1 hadi 2.0, yaani 0.9 kwa nyuzi mia. Kwenye 43, chukua 0.9 mara 0.43, ni kama 0.4, jumlisha 1.1. Sindano yako inazidisha 1.5. Kwa hiyo yogati yako itiwe kioo kikisoma 44.5. Waya kwa hesabu hiyohiyo unapunguza 0.8, utie ukisoma 42.2. Kosa halipandi kwa mstari ulionyooka kabisa, lakini kwa kazi yako inatosha.

Sasa rudi kwenye maziwa yako ya juzi, hesabu ni ileile ila kwenye 63 hivi. Sindano 64.8, toa 1.7. Waya 62.1, ongeza 0.9.

BintiMakorora
63.1 na 63.0!! Mwalimu, mwili umenisisimka.

MzeeRaskazone
Marahaba mwalimu, nimekubali. Ila mngenunua cha bei mkahepa mahesabu yote haya.

FundiBaridi
Mzee, cha bei nacho kikidondoka sakafuni mara moja utarudi kwenye barafu. Mimi ninacho cha laki na zaidi, na kila mwezi nakitia kwenye chupa ya chai. Anayeuzia hoteli au anayetakiwa kuonyesha cheti, huyo apeleke chake kwenye maabara ya vipimo ya TBS, lile shirika la viwango. Kwa yogati ya Makorora, barafu ya mia tano yatosha.

Dada, ukiniuliza, baki na sindano kwa sufuria. Inajibu haraka na inaoshwa. Waya pitisha kwenye friji ya vikombe, hapo ndipo kwao. Betri ya sindano ikianza kufifisha maandishi, badilisha, usingoje izime, namba huanza kuyumba kabla. Na tazama hujabonyeza kile kitufe cha kushikilia namba. Nimeitwa nyumba moja "friji haipoi", kumbe kipimajoto kimeshikilia namba ya tangu jana.

KijanaUsambara
Nami nauza bunduki yangu kama kuna anayetaka. Haijawahi kudanganya, ni mimi tu.

BintiMakorora
Nimebandika plasta kwenye kishikio cha sindano, nimeandika kwa kalamu: YOGATI 44.5. Leo asubuhi nimetia lita 20, saa nane mchana nimeinamisha kikombe, haijasogea. Bunduki amechukua mume wangu, anapima kipara cha baba mkwe.

PwezaDeepSea
Nitunzie vikombe viwili. Nakuja na barafu yako, ya maji ya kunywa safari hii.