Naomba ushauri: oili imejaa silinda ya chini ya injini ya ndege M14P

Hamjambo wanachama. Mimi na baba mkwe tunajenga Pitts Model 12 hapa Nakuru, ile ndege ya sarakasi yenye mabawa ya juu na ya chini. Injini ni M14P ya Kirusi, silinda 9 zilizopangwa duara, nguvu za farasi 360. Bado haijaruka, tunaiwasha tu ikiwa chini.

Jumamosi, baada ya kukaa wiki tatu, nilizima magneto (kifaa kinachotoa umeme wa cheche za plagi) nikazungusha propela kwa mkono. Ikagoma ghafla. Sikulazimisha. Tulifungua plagi za chini, na silinda namba 5 ikamwaga oili karibu kikombe kizima. Sasa inazunguka laini.

Kinachoninyima usingizi ni mara iliyotangulia: iliwashwa kwa hewa ya mgandamizo bila kuzungushwa kwanza, ikashtuka. Kama silinda ilikuwa na oili siku hiyo, oili haibanwi, kwa hiyo mkono wa pistoni (chuma kinachounganisha pistoni na mhimili wa injini) huenda ulipinda. Ukipinda hukaa kimya, kisha unakatika angani. Tumepima mgandamizo, silinda zote ziko sawa, lakini hilo halinitoi hofu.

Naomba kujua: nikipima kimo cha pistoni ikiwa juu kabisa, kupitia tundu la plagi, nilinganishe na silinda zipi? Mikono midogo imeshikwa kwenye mkono mkuu, hivyo hata injini ikiwa nzima vimo vinatofautiana kidogo. Au ning'oe silinda tu?

Na valvu ya kufunga oili ya tangi, ili isishuke kwenye silinda ndege ikiwa imeegeshwa, mnaikubali? Baba mkwe anaitaka. Mimi naogopa siku tutakayosahau kuifungua, injini ikawaka bila oili.