Kinu ndani ya lango la watawa: king'olewe au kibaki?

Mwanzisha mada
Wakuu, naleta ubishi ulioanza kwenye gari na haukuisha hadi tunaagana.

Huku Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kando ya Mto Bure, kuna magofu ya Abasia ya St Benet, yaani monasteri kubwa. Walikaa Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki. Kanisa limebaki vipande vya ukuta na misingi iliyomezwa na nyasi. Kilichosimama ni lango kuu la karne ya 14, na ndani ya lango hilo (msicheke) kuna kinu cha upepo. Sikusema kando, nimesema ndani. Karne ya 18 mtu alikuja na matofali ya kuchoma akapandisha mnara kutoka palepale walipopita watawa, na ghorofa ya juu ya lango ikabomolewa kumpisha. Mabawa ya kinu yalishatoweka zamani. Leo ni mnara mtupu, kama chupa iliyokatwa shingo, umechomoza nyuma ya tao la kale.

Jamaa yangu anasema king'olewe, lango lipumue. Mimi nasema kibaki. Ukisimama upande wa nje, nakshi za juu ya tao bado unaziona, mtu mwenye silaha kona hii na simba kona ile, na kinu hakijazifunika. Ninyi mnasemaje?

Kona Baridi
King'olewe. Mwaka 1327 Mfalme Edward III aliwapa watawa hawa kibali cha kujenga kuta zenye vizuizi vya ngome juu, heshima isiyotolewa ovyo. Halafu anakuja mtu wa biashara anavunja chumba cha juu ili apate nafasi ya mashine, nasi tunamwita sehemu ya urithi? Jirani akijenga banda la kuku sebuleni kwako, baada ya miaka mia mbili litakuwa kumbukumbu ya taifa?

Mwanzisha mada
Huenda, mkuu, kama sebule yenyewe haipo tena! Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, kifungu cha 11 unataka mchango wa kila enzi kwenye jengo uheshimiwe. Kufunua tabaka la chini unaruhusu mara chache tu: kinachoondolewa kiwe na thamani ndogo, na kinachofunuliwa kiwe cha thamani kubwa na kizima kiasi cha kustahili. Sasa ukiondoa kinu unafunua nini? Chumba cha juu hakitarudi. Utapata tundu.

Mlamu
Mbali kote huko kwa nini? Nendeni Kilwa Kisiwani. Gereza lile, yaani ngome ya pale, Wareno walianza kulijenga 1505, lakini sehemu kubwa unayoiona leo ni ya Waomani. Nani amewahi kusema tukwangue ya Mwomani tubaki na ya Mreno?

Kona Baridi
Mfano haukai. Gereza lilikuwa ngome, likaendelea kuwa ngome. Hapa nyumba ya sala imegeuzwa karakana.

Mtoto wa Peramiho
Jamani, mimi nimekulia jirani na abasia, niwape kitu. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto sura ya 66 inamhusu bawabu. Awe mzee mwenye busara, chumba chake kiwe karibu na mlango, na mtu akibisha au maskini akiita, ajibu "Deo gratias", yaani Mungu ashukuriwe. Lango la watawa si geti la mlinzi na mbwa, ni mahali mgeni anapopokelewa.

Sasa soma sura hiyohiyo hadi mwisho. Inasema monasteri ikiwezekana ijengwe ili mahitaji yote yawe ndani: maji, kinu, bustani. Bawabu na kinu sura moja! Najua cha Norfolk hakikuwa cha watawa, walishaondoka karne mbili nyuma. Lakini msiniambie kinu ni kufuru.

Tena abasia hii Mfalme Henry VIII hakuifuta rasmi kama alivyofuta monasteri nyingine. Miaka ya 1530 uabate, cheo cha mkuu wa abasia, uliunganishwa na uaskofu wa Norwich, na hadi leo askofu wa Norwich anahesabiwa abate wake. Kila Jumapili ya kwanza ya Agosti anafika kwa jahazi la mtoni na kusalisha pale magofuni. Nyumba ya sala bado ni nyumba ya sala, ndugu yangu Kona Baridi.

Fundi Chokaa
Mnabishana kama mawakili. Nani kati yenu ameugusa ukuta?

Norfolk haina mawe mazuri ya kuchonga, wanajengea gumegume, lile jiwe gumu la kutolea cheche. Gumegume haifyonzi maji, uso wake unateleza kama kioo, kwa hiyo kinachoushika ukuta ni chokaa. Ukiziba nyufa kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea. Baridi ikija yanaganda, yanavimba, ukuta unapasuka vipande. Kwetu pwani hakuna barafu, ila nimebandua saruji kwenye ukuta wa matumbawe Mji Mkongwe nikakuta chumvi imekula ndani, unachota kwa kijiko. Mwenye nyumba alidhani ameutibu.

Turudi kwenye kinu. Matofali yake na mawe ya lango yameegemeana zaidi ya miaka 200. Mimi sing'oi hata nikilipwa mara mbili. Nikitaka kuliua lango lile, ningeanza hapo.

Mpita Njia
Mbona hamjagusa maandishi? Kuta za kinu zimejaa majina ya wageni, mengine ya tangu karne ya 19. Ya zamani yanaitwa historia. Anayekwaruza lake leo anaitwa mhuni. Mpaka uko wapi?

Mwanzisha mada
Mpaka wangu: yule wa zamani alilikuta jengo halina mwenyewe wa kulitunza. Wewe unalikuta limelindwa kisheria, lina wenyewe, Norfolk Archaeological Trust, na watu wamechanga fedha kulitengeneza. Ila nakiri swali limenibana, kwa sababu majina yale ndiyo niliyoyasoma kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote pale.

Kona Baridi
Fundi amenirudisha nyuma kidogo. Nakubali kibaki, kwa sababu ya uzito, si kwa sababu ya Venice. Lakini nikisikia mtu anataka kukirudishia mabawa mapya ili watalii wapige picha, nitaandamana peke yangu.

Mwanzisha mada
Hutakuwa peke yako. Niwekee nafasi.

Fundi Chokaa
Kofia ya mbao juu, ya kuzuia mvua tu, je? Mnara ulio wazi unakunywa maji kila siku.

Kona Baridi
Ya kuzuia mvua, au itakayofanana na ya zamani? Jibu hilo kwanza.