Besi ya nyuzi 5 na dramu nzito: kombo, ampu nyepesi na maboksi, valvu na 8x10, au DI peke yake?

NyuziTano
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kabla sijakosea mara ya pili. Napiga besi ya nyuzi 5 kwenye bendi yenye magitaa mawili, kinanda na dramu, na mpiga dramu wetu ana mkono mzito sana. Sasa hivi nna kombo (ampu na spika ndani ya boksi moja) ya wati 100, spika moja ya inchi 12, nikiwa peke yangu inatosha kabisa ila tukianza mazoezi napotea. Nikipandisha volyumu ule uzi wa B, ule mnene kuliko wote, unageuka mngurumo tu, noti haijulikani ni ipi, halafu mpiga gitaa wa pili analalamika namfunika, yaani mimi mwenyewe sijisikii lakini yeye ananisikia kuliko anavyotaka.

Njia nilizonazo ni nne. Kombo kubwa ya wati 300 yenye spika ya inchi 15. Au ampu ya klasi D (zile za kisasa nyepesi) ya wati 500, hata kilo 3 haifiki, na boksi moja la 2x10, yaani spika mbili za inchi 10, la omu 8 (ukinzani wa umeme) halafu la pili nitafute baadaye. Au kuna mpiga besi anastaafu anauza ampu yake ya valvu ya wati 300 na boksi la 8x10, sauti yake nimeisikia na bado inanijia kichwani mpaka leo. Au niachane na ampu kabisa ninunue pedali ya priampu (inayokuza na kutengeneza sauti kwanza) yenye DI, ile njia ya kupeleka besi moja kwa moja kwenye miksa ya ukumbi. Mngekuwa nyie mngechukua ipi na kwa nini?

FundiSolda
Mkuu kabla ya yote toa macho kwenye wati. Kutoka wati 300 kwenda 500 ni kama desibeli 2 tu za ukubwa wa sauti, ukifumba macho unaweza usijue ipi ni ipi. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3, na ili sikio liseme sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Sasa angalia upande wa spika, kuna maboksi yanatoa desibeli 97 kwa wati 1 ukipima mita 1, mengine 100, hizo 3 ni sawasawa na kuzidisha wati mara mbili na hujagusa ampu.

Ndo maana mi naipa kura hiyo njia ya pili, ila kwa sharti la maboksi mawili. Boksi moja la omu 8 ampu yako ya wati 500 haitoi 500, hiyo namba ni ya omu 4, kwenye 8 utapata kama 250 hadi 300. Ukiongeza la pili la omu 8 mzigo unashuka unakuwa 4, ampu inafunguka, na koni zinazosukuma hewa zimekuwa mara mbili, jumla ni kama desibeli 5 au 6 zaidi. Hapo hata mpiga dramu atageuka kuangalia.

MzeeWaValvu
Kijana, ukiisikia sauti ya valvu ikakukaa kichwani usiidharau, masikio yako yamekuambia kitu. Ampu ya valvu ya Ampeg SVT ilipotoka 1969 ilikuwa na wati 300 na kazi yake ilikuwa mpiga besi asizamishwe na magitaa ya majukwaa makubwa, na mpaka leo ukiikoleza kidogo noti inatoka imejaa, inabana yenyewe bila kompresa (kifaa cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo), kidole kikipiga kwa nguvu inanguruma na kikipiga taratibu inatulia. Ampu nyepesi ni safi lakini haikujibu namna hiyo. Nimepiga zote mbili miaka mingi, nasema ninachokijua.

Ila sikufichi, kichwa cha namna hiyo ni karibu kilo 40 na boksi la 8x10 ni zaidi ya 60. Mimi mgongo umeshanieleza yake. Kama una ngazi, au usafiri mdogo, au hakuna mtu wa kukusaidia kubeba, basi tamaa itaisha mwezi wa pili.

NyuziTano
Shikamoo mzee, nashukuru. Sasa swali, hiyo 8x10 si ndo ingenipa B nzito kuliko zote? Spika nane!

FundiSolda
Hapo wengi wanakosea. 8x10 ile ya kizamani ni boksi lililofungwa, halina tundu la hewa, ndani limegawanywa vyumba vinne kila kimoja spika mbili, na sauti yake inaanza kushuka mapema, karibu hezi 58 (hezi ni mitetemo kwa sekunde). Uzi wako wa B ni hezi 31, na E ni 41. Kwa hiyo ule uzito unaousikia kwenye 8x10 si noti yenyewe ya chini, ni ile oktava ya juu yake, hezi 60 na kitu, na zinazofuata, na sikio lenyewe linajazia kilichokosekana. Na si vibaya hata kidogo! Ndo sababu noti inasikika wazi kwenye bendi. Mngurumo unaoupata kwenye kombo yako ni spika moja kulazimishwa itoe hezi 31 isiyoiweza, koni inakwenda mbele na nyuma sana na unachosikia ni koni kuhangaika.

Maboksi mengi mapya yana tundu, yanashuka chini zaidi, ila chini ya zile hezi ambazo tundu limepimiwa koni inakosa hewa ya kuizuia na inaweza kujichana. Kwa nyuzi 5 tafuta ampu au pedali yenye kichujio cha kukata chini, weka kwenye hezi 35 hivi, utashangaa sauti inavyokaza na wala hutasikia kilichotoka.

DadaBesi_
Nitetee njia ya nne maana naona mnaipita tu. Mimi nina mwaka wa tatu bila ampu jukwaani. Pedali ya priampu yenye DI, waya mmoja mpaka kwenye miksa, na monita (spika za kujisikilizia) za masikioni. Mgongo mzima, na fundi sauti ananipenda kwa sababu jukwaa limetulia, anatengeneza besi ya ukumbi anavyotaka yeye.

Lakini kaka angalia mazingira yako. Inategemea asilimia zote kwa mitambo ya ukumbi. Mfumo ukiwa hauna sabufa, au monita ni zile ndogo za kuimbia, besi yako itakuwa kama simu. Niliwahi kufika mahali nikakuta monita moja inagawanywa na watu wanne, nilipiga usiku mzima kwa kuangalia mkono wa mpiga dramu. Na kwenye mazoezi je, mna miksa na spika za kutosha? Kama hamna basi njia hii peke yake itakuumiza. Ila DI nunua hata kama utachukua ampu, na ampu ikiwa na DI yake weka kwenye upande wa kabla ya ikwalaiza (vitufe vya kurekebisha chini, kati na juu), ili ukijirekebishia sauti yako pale jukwaani usimvurugie fundi kule mbele. Ukisikia mvumo bonyeza kile kiswichi cha DI cha kukata athi (waya wa ardhi) kabla hujaanza kulaumu waya.

kimyakimya12
Nami niseme kuhusu kombo ya 15 maana ndo nilikuwa nayo. Si mbaya, ni kitu kimoja unabeba, unachomeka, basi. Ila nyingi hazikupi nafasi ya kukua, au zina sehemu ya kuchomeka boksi la nje na ukiliunga boksi unakuta wati zinazoongezeka ni chache. Pia msiamini ile habari ya kwamba 15 ni ya chini na 10 ni ya juu, nimesikia 2x10 inashuka chini kuliko 15 yangu, boksi lilivyojengwa ndo linaamua. Na ukiwa na 4x10 usije ukaongeza 15 juu yake kwa kudhani unapata vyote viwili, zote zikiwa omu 8 zinagawana nguvu nusu kwa nusu, ile 15 moja inabeba mzigo sawa na zile nne kwa pamoja, yangu ilianza kukwaruza ndani ya wiki chache na nikabaki najilaumu.

FundiSolda
Umesema kweli tupu. Chukua boksi la pili linalofanana na la kwanza, kampuni ileile toleo lilelile.

Na NyuziTano nikuombe sana kwenye mambo ya omu, hapa ndo vitu vinaungua. Ampu nyepesi ikiandikwa kiwango cha chini kabisa ni omu 4 usiunge maboksi mawili ya omu 4, hapo umefika 2. Ampu ya valvu ni kinyume kidogo, yenyewe ina transfoma ya kutolea sauti na lazima swichi ya omu ilingane na boksi, na kamwe usiiwashe ukapiga bila spika kuunganishwa. Nimeshafungua moja iliyopigwa hivyo, transfoma imeungua, na transfoma ndo roho ya ampu ile. Waya wa kwenda kwenye spika usiwe wa gitaa! Wa gitaa ndani ni mwembamba, unapata moto. Tumia waya wa spika mnene, wa plagi ya Speakon (inayojifunga) ni bora, hauchomoki ukikanyagwa.

DadaBesi_
Na hilo tatizo la kwamba mwenzio anakusikia we hujisikii si la ampu peke yake. Noti ya E mawimbi yake ni marefu zaidi ya mita 8, yanatandaa kila upande, wakati zile sauti za kati zinazokuonyesha noti zinatoka mbele ya spika kama tochi, na wewe umesimama karibu, boksi linapiga kwenye magoti. Mwenzio yuko mbali, tochi inammulika yeye. Inua boksi, au liinamishe litazame uso wako. Liondoe kwenye kona, kona inaongeza chini bure. Halafu nikuulize, ikwalaiza yako umeiwekaje, si umepandisha chini na juu ukashusha kati?

NyuziTano
Ndivyo hasa nilivyoiweka dada. Nikiwa peke yangu inasikika tamu sana.

DadaBesi_
Hapo ndo unapojipoteza. Peke yako ni tamu, kwenye bendi ile kati uliyoitoa ndo ilikuwa nafasi yako, ya chini kaichukua kiki (dramu kubwa ya mguu) na ya juu kaichukua matoazi. Weka vyote katikati, halafu pandisha kidogo sauti za kati, hezi 400 hadi 800. Ukiwa peke yako itakuwa kama inakera, vumilia.

MzeeWaValvu
Sikilizeni, hili la kati hata sisi wazee tulilijua bila mashine ya kupimia. Mpiga besi James Jamerson alirekodi nyimbo nyingi za Motown, ile kampuni ya rekodi ya Marekani, na ampu yake ya kumbi ndogo ilikuwa Ampeg B-15, spika moja ya 15 na wati zisizozidi 30. Hakuwa na wingi wa nguvu, alikuwa na kati iliyosikika.

kimyakimya12
Pedali je? Ana kitu chochote?

NyuziTano
Nna tyuna, kompresa, oktava (inaongeza noti ya oktava nyingine) na distosheni (inachafua sauti), ila nikikanyaga distosheni besi inapotea kabisa, inakuwa kama nyuki.

kimyakimya12
Tafuta distosheni yenye kitufe cha kuchanganya, sauti safi ipite pembeni na chafu ije juu yake, chini haipotei. Mpangilio anza tyuna, kisha oktava kwa sababu inataka sauti safi ili isiyumbe, kisha kompresa, distosheni mwisho. Wengine wanatanguliza kompresa na inafanya kazi pia, jaribu zote. Kompresa anzia uwiano wa 4 kwa 1, ataki (muda kabla haijaanza kubana) iache kama milisekunde 30 kidole kisikike kwanza, ukiona inabana zaidi ya desibeli 6 umezidisha. Na umeme wa pedali zote usitoke kwenye waya mmoja wa kugawana, mvumo mwingi unatokea hapo.

NyuziTano
Wakuu nimerudi. Niliazima ampu nyepesi na maboksi mawili ya 2x10, nimeyasimamisha kwa ubavu moja juu ya lingine, spika nne mstari mmoja kwenda juu, ya mwisho iko usawa wa sikio. Kati nimepandisha kama dada alivyosema. Kwa mara ya kwanza nimesikia kila noti yangu, na volyumu haikufika hata nusu, mpiga gitaa hajalalamika. Kabla ya hapo nilirudi kwenye kombo yangu ya zamani nikaweka ikwalaiza ileile juu ya kiti, hata yenyewe ilibadilika, ila dramu zikipanda bado inazidiwa. Kwa hiyo nachukua ampu nyepesi, boksi moja sasa na la pili lilelile nikijipanga. Kitu kimoja tu, uzi wa B bado uko nyuma kidogo ukilinganisha na E.

FundiSolda
Hilo si la ampu. Pima urefu wa pikapu (kile kinachonasa sauti chini ya nyuzi) upande wa B, iinue kidogo kidogo mpaka ilingane na E, robo mzunguko wa skrubu kwa wakati, usikaribie sana sumaku isije ikavuta uzi. Na angalia unene wa uzi wenyewe, kama ni 125 (elfu za inchi) jaribu 130.

MzeeWaValvu
Na yule anayestaafu mpigie umwombe ukapige kwake siku moja, hata kama hununui.