Mdogo wangu halali bila bangi tangu ajali ya lori. Hii ni tiba au tunajidanganya?

Mnunuzi wa Viazi, Uyole

Wakuu habari zenu. Huwa napita humu kimya kimya, leo limenifika la kwangu.

Mdogo wangu alikuwa tandiboi wa semi za Tunduma. Mwaka jana breki zilikata wakiteremka Iwambi. Dereva alifia kwenye usukani, yeye akabaki amebanwa pembeni yake mpaka watu walipokuja na mitaimbo. Mguu umepona, anatembea vizuri tu. Kichwa ndicho hakijatoka kwenye ile kabini.

Akisikia breki ya upepo inatoa ile "pshhh" anaruka mtaroni, na sisi tunaishi kando ya barabara kuu, malori hayakatiki. Gari hapandi, hata daladala. Usiku analala ameegemea ukuta, viatu mguuni, kamba zimefungwa. Ukijaribu kumvua anaamka na ngumi.

Hospitali tuliyokwenda (siitaji) alipewa Valium, vidonge vya kutuliza, akaambiwa apunguze mawazo, anayefuata aingie. Vidonge vilipoisha hali ikarudi, tena mbaya zaidi. Vijana wa kijiweni wakampa msokoto. Sitasema uongo: alilala. Mama alimshukuru Mungu asijue anashukuru nini. Toka hapo kila jioni lazima apate, na siku akikosa ni balaa, ndoto zinamjia zote kwa mpigo, anapiga kelele mpaka wapangaji wenzetu wanagonga ukuta.

Sasa binamu yetu aliyeko Australia kanitumia video. Anasema kule madaktari wanatibu watu wa namna hii kwa MDMA, ile ya vidonge vya starehe vya eksitasi, na wengine kwa uyoga, kisheria kabisa. Huku kuna mzee wa Makete anasema huo uyoga anaujua, atatuletea mvua zikianza, na bei kanitajia.

Mimi kazi yangu magunia ya viazi, mambo ya ubongo siyajui. Naomba kuuliza: kama Wazungu wameruhusu, kwa nini sisi tunaambiwa ni uhuni? Na hii bangi inamtibu dogo au inamnyamazisha tu? Nataka mtu anayejua. Mahubiri nimeshapata kanisani.

Tabibu Asili

Hiyo siyo ya hospitali. Dereva anamwita. Kuna kazi ndogo ya kufanya pale pale ajali ilipotokea. Njoo inboksi.

Kijana wa Kasumulu

Mkuu usitishwe. Mimi navuta toka sekondari, nalima mpunga, nasomesha, sijawahi kuokota makopo. Bangi ni jani kama majani mengine. Hapo ng'ambo ya Songwe Malawi walishahalalisha toka 2020, sisi tumebaki kukimbizana na polisi. Dogo akilala, mwache alale.

Nesi wa Kihesa

Kamwene. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, Iringa. Nitaandika kirefu kidogo, kwa sababu hilo swali lako la kutibu au kunyamazisha ndugu wengi hawaliulizi mpaka mgonjwa aletwe amefungwa kamba.

Unachoeleza ni kiwewe. Mtu amepita kwenye jambo la kutisha, mwili umetoka, ubongo bado unalinda zamu. Viatu mguuni maana yake yuko tayari kukimbia. Si wazimu, na huyo wa inboksi atakula hela ya viazi arudi kusema mzimu umekataa.

Nianze na bangi. Kinacholewesha ndani yake ni THC, na THC inaipunguza ile sehemu ya usingizi yenye ndoto. Mwenye jinamizi akivuta, analala, haoti, asubuhi anasema nimepona. Siku akikosa, ubongo unafidia ndoto zote zilizozuiwa. Hizo ndizo wapangaji wanazogongea ukuta. Yeye na nyinyi mnaona ugonjwa umerudi, mnamtafutia msokoto, kumbe sehemu kubwa ya usiku ule ni arosto, yaani mwili unadai bangi uliyoizoea. Ukiuliza mimi, hapo ndipo watu wengi wananasa: bangi yenyewe inatengeneza usiku ambao bangi ndiyo dawa yake.

Marekani walilipima hili. Wanajeshi wastaafu 80 wenye kiwewe walipewa bangi ya kuvuta ya aina tatu, na kundi la nne likapewa majani yaliyoondolewa nguvu, bila kuambiwa nani kapata nini. Matokeo yalitoka 2021. Makundi yote yalipata nafuu, na waliovuta bangi yenyewe hawakuwazidi waliovuta majani matupu. Ule utafiti ulikuwa mdogo, kwa hiyo sisemi mjadala umefungwa. Nasema hakuna aliyeonyesha kwamba msokoto unaponya kiwewe.

Kuhusu video ya binamu, ni kweli, ila imekatwa katikati. Tangu tarehe 1 Julai 2023 Australia wanawaruhusu madaktari bingwa wa akili waliopewa kibali maalumu, si kila daktari, kutumia MDMA kwa kiwewe. Silosaibini, yaani kile kiini cha uyoga, wameiruhusu kwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, iliyogoma kwa dawa nyingine. Soma tena hapo: uyoga hata huko kwao si kwa ugonjwa wa mdogo wako.

Na MDMA haitolewi kama Panadol. Kwenye majaribio mgonjwa anameza kwa siku tatu tu kwa matibabu yote, siku hizo zimeachana kama mwezi. Kila siku hiyo anakaa chumbani kwa muda wa kama saa nane na watu wawili waliosomea, anasimulia lililompata. Kabla na baada ya hapo kuna vikao vingine vya mazungumzo bila dawa. Jaribio moja la watu 90, lililochapishwa 2021, lilionyesha kwamba kati ya waliopata MDMA asilimia 67 walitoka kwenye kipimo cha ugonjwa, yaani hawakuhesabika tena kuwa nao. Waliopata kidonge kitupu na mazungumzo yale yale ni asilimia 32. Wengi wanaisoma ile 67 wanaishia hapo. Mimi kila nikiiangalia naiona 32: watu waliotoka bila kumeza dawa yoyote, kwa kukaa na mtu anayejua kusikiliza.

Agosti 2024 FDA, mamlaka ya Marekani inayopitisha dawa, iliikataa MDMA, ikataka jaribio jingine. Sababu mojawapo ni rahisi kuielewa: ukimeza MDMA unajua umemeza, na aliyepewa kidonge kitupu naye anajua kapunjwa, kwa hiyo kulinganisha kunakuwa kugumu. Sasa kama wao wenye maabara bado wanabishana, kidonge cha mtaani kinachoitwa eksitasi hakuna anayejua kina nini.

Huyo mzee wa Makete mwambieni asante. Huku kwetu tunakula uyoga sana, mvua zikianza kina mama wanapanga barabarani Mafinga na kote huko, na wanaujua. Lakini kuna uyoga wenye sumu ya ini, na hiyo sumu haitoki kwa kuchemsha. Mtu anakula, kwa saa sita hadi kumi na mbili au zaidi hajambo kabisa, halafu tumbo linamvuruga, anaharisha, anatapika. Kisha anapata nafuu, mnafurahi, kumbe ini ndiyo linakufa. Mnataka mtu ambaye ujuzi wake haujapimwa aokote uyoga msituni ampe mgonjwa wa akili, kwa bei aliyotaja yeye?

Kijana wa Kasumulu, hujaokota makopo kwa sababu wavutaji wengi hawaokoti. Hilo nakubali. Ila sheria ya Malawi ya 2020 ni ya bangi ya dawa na ya viwanda, kwa leseni. Anayevuta kujiburudisha hata huko anakamatwa. Huku kwetu kulima, kuuza, kubeba na kuvuta vyote ni kosa kwa sheria ya 2015, na hakuna daktari wa kukuandikia.

Mnunuzi wa Viazi, kabla sijasema nini kifanyike naomba unijibu mawili. Kwenye ukoo wenu kuna aliyewahi kuugua akili, kusikia sauti, kupelekwa Mirembe? Na mdogo wako siku hizi kuna maneno anasema ambayo hayashikiki?

Mtu wa Usingizi, Njombe

Nachomekea tu. Kuna dawa moja ya kundi hilo ambayo tayari ipo hospitalini kwetu, ketamini. Sisi tunaitumia kulaza wagonjwa wa upasuaji kila wiki. Marekani mwaka 2019 waliidhinisha ndugu yake, esiketamini ya kupuliza puani, kwa sonona iliyogoma, na mgonjwa lazima abaki pale pale hospitalini akiangaliwa si chini ya saa mbili. Nimewaona watu wanavyozinduka kutoka kwenye ketamini: mwingine anacheka, mwingine anawapigia mayowe watu wasiokuwepo. Si kitu cha kujaribia nyumbani, na sonona siyo kiwewe.

Kijana wa Kasumulu

Nesi ya Malawi nimekuelewa. Ila na nyie hospitali mngekuwa mnasikiliza, dogo asingefika kijiweni. Hilo nalo useme.

Nesi wa Kihesa

Nasema. Una haki kabisa. Kumpa mtu wa kiwewe Valium na kumwambia apunguze mawazo ni kumfukuza kwa adabu. Mwongozo wa WHO wa 2013 unatuambia waziwazi tusiwape Valium na ndugu zake watu waliotoka kwenye tukio kama hilo ndani ya mwezi wa kwanza, na bado tunawapa.

Mnunuzi wa Viazi, Uyole

Nesi, umeuliza pale ambapo sikutaka kufika. Baba mdogo alikaa Mirembe, alikuwa anabishana na redio iliyozimwa. Nyumbani hatumtaji.

Dogo naye kama mwezi hivi anasema vijana wa kijiweni wametumwa na familia ya marehemu dereva. Wanaandika namba za simu yake. Juzi alifungua simu akatoa laini akaitafuna. Mimi nilidhani ni kale kahuzuni ka kunusurika peke yake. Au?

Nesi wa Kihesa

Pole sana kaka. Huzuni ya kunusurika ipo, na lazima ishughulikiwe. Lakini laini iliyotafunwa siyo huzuni.

Sasa picha imebadilika. Mtu mwenye ndugu wa damu aliyeugua hivyo, anayevuta kila siku, na ameanza kuona watu wanamfuatilia, huyo THC inaweza kumsukuma kwenye saikosisi, yaani ugonjwa wa akili kuachana na hali halisi. Utafiti uliochapishwa 2019, uliofanyika vituo kumi na moja vya Ulaya na Brazil, ulionyesha kwamba wanaovuta kila siku bangi yenye THC nyingi, uwezekano wao wa kupata ugonjwa huo unakaribia mara tano ya wasiovuta kabisa. Na hizo MDMA na silosaibini za majaribio, mtu mwenye historia ya saikosisi hapokelewi hata mlangoni. Kwa hiyo hata mngekuwa Australia, mdogo wako angerudishwa.

Asikae nyumbani kusubiri mvua. Mpelekeni wiki hii, pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kuna huduma ya akili. Waambieni yote matatu kwa pamoja: ajali, bangi, na baba mdogo. Bangi msiifiche mkiogopa polisi, wodi kazi yake ni kutibu. Wasipoijua watakosea dawa au watadhani dawa haifanyi kazi. Akianza dawa ya kutuliza hayo mawazo ya kufuatiliwa, shingo ikikakamaa au ulimi ukivutika upande, msizitupe mkasema ni sumu. Rudini, kuna kidonge cha kulegeza hilo.

Mawazo yakitulia ndipo kiwewe chenyewe kianze kutibiwa. Kuna dawa za kumeza kama sertralini au fluoksetini, na kuna mazungumzo ya mpangilio, anarudishwa kidogo kidogo kwenye lile tukio mpaka ile "pshhh" iwe sauti ya breki tu. Ulizeni jina la atakayefanya hayo mazungumzo na siku zake. Usikubali kutoka na karatasi ya dawa peke yake.

Usiku wa arosto utakuwepo, kwa wengi wiki mbili tatu za kwanza ndizo mbaya. Waambie wapangaji mapema. Msimfungie. Na mama aambiwe, asije akamshukuru Mungu tena siku dogo akirudi kijiweni. Akitishia kujidhuru au kumdhuru mtu, usisubiri wiki, nenda usiku huo huo.

Mnunuzi wa Viazi, Uyole

Asante sana dada, ndaga fijo. Kesho asubuhi. Mzee wa Makete nimeshamwambia hapana, amekasirika, anadai nauli.

Shida iliyobaki: gari hapandi. Kutoka huku mpaka mjini tutaendaje? Kumbeba kwa nguvu siwezi, ana mwili wa nguvu.

Bajaji Nanenane

Mkuu niko Uyole, nina bajaji. Kaka yangu mkubwa alikuwa na shida ya namna hiyo nikamzoea. Tutoke saa kumi na moja alfajiri kabla malori hayajawa mengi, pale penye njia za ndani tunapita za ndani. Akae nyuma upande anaoona nje, na wewe pembeni yake. Akisema simama, nasimama, hata mara ishirini. Akitaka kutembea kidogo atembee, mimi nawafuata nyuma taratibu. Utanipa ya mafuta. Nitumie tu namba.