Baba anapaliwa tangu apate kiharusi: nitapataje utafiti wa kumwingiza?

Binti wa Pongwe

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Baba yangu ana miaka 68, alikuwa dereva wa malori njia ya Tanga na Arusha. Mwezi wa tatu alipata kiharusi, sasa ni miezi saba. Mguu umerudi, anakwenda na fimbo mpaka msikitini. Mkono nusu nusu. Kilichogoma ni koo. Akinywa maji anapaliwa, chai anapaliwa, na kahawa chungu, ambayo ndiyo roho yake, kikombe kimoja ni kikohozi cha kuamsha majirani. Uji mzito unapita, ndizi za kupondwa zinapita. Alikaa na mpira wa puani wa kulishia wiki tano, akauchomoa mwenyewe usiku tumelala. Nimonia imeshamlaza mara mbili.

Hospitali walisema afanye mazoezi ya kumeza, ila wa kumfundisha hatujamwona. Nimesoma kuna nchi wanajaribu kutibu kwa umeme wa kooni. Nikauliza kwenye kundi la WhatsApp, kaka mmoja akanifuata pembeni: anaweza kumwandikisha baba kwenye majaribio nje ya nchi, nafasi zimebaki mbili, ada milioni moja na laki mbili, itumwe kwa simu. Kaka yangu mkubwa anataka tuuze pikipiki. Mimi moyo unasita. Majaribio ya kweli yanatafutwa wapi?

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Pikipiki isiuzwe.

Nimekuwa nesi wa utafiti miaka 9, si wa koo, lakini taratibu ni zile zile. Katika tafiti zote nilizofanyia kazi hakuna mshiriki aliyelipia nafasi. Sisi ndio tuliomrudishia nauli. Huyo kaka muulize jambo moja tu: namba ya usajili. Jaribio lililosajiliwa kwenye daftari la Marekani, ClinicalTrials.gov, lina namba inayoanza na NCT na tarakimu nane. La kwetu Afrika linatunzwa Cape Town, namba zake zinaanza na PACTR. Yote mawili unafungua kwa simu bure, huhitaji kujiandikisha.

Ukifungua, andika "dysphagia" (shida ya kumeza) na "stroke" (kiharusi), kwa sababu kwa Kiswahili hutapata kitu. Halafu chuja yale yaliyoandikwa "Recruiting", yaani bado yanapokea watu. Usisome kichwa cha habari ukashangilia. Shuka moja kwa moja kwenye vigezo vya kujiunga, maana hapo ndipo watu wengi wanapoishia. Tazama mstari wa muda tangu kiharusi. Tafiti nyingi za umezaji zinamtaka mgonjwa akiwa bado na siku au wiki chache, kwa kuwa wengi koo hurudi lenyewe katika wiki za mwanzo na watafiti wanataka kuona kama tiba inaongeza kitu juu ya hapo. Baba yako ana miezi saba. Tafuta zinazosema tatizo sugu.

Kuhusu umeme wa kooni: upo kweli. Unapitishwa mpira mwembamba puani, dakika 10 kwa siku, siku tatu. Ulifanyiwa jaribio kubwa kidogo Ulaya, wagonjwa 162, majibu yakatoka 2016. Waliopewa umeme na waliowekewa mpira bila umeme hawakutofautiana. Tafiti zimeendelea kwa wagonjwa wa aina nyingine na kwa dozi nyingine, kwa hiyo sisemi ni bure. Ninachosema ni kwamba kinaitwa jaribio kwa sababu jibu halijajulikana, na baba anaweza kuangukia kundi la mpira mtupu.

Utafiti ukiwa wa hapa Tanzania, uliza kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kama ni dawa au kifaa uliza na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Fomu ya ridhaa ibebe nyumbani ulale nayo. Itafute sehemu inayosema akidhurika nani anagharamia, na inayosema anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Isipokuwepo, msisaini.

Halafu kuna kitu kimenikera kidogo, unisamehe. Umeeleza wewe, kaka yako na mtu wa WhatsApp. Mzee mwenyewe anasemaje? Anatembea, anaswali, akili anazo. Ridhaa ni yake.

Mpemba wa Toronto

Dada pole sana. Mie nimeingia utafiti wa kumeza huku Kanada, baada ya mionzi ya saratani ya koo, kwa hiyo si ugonjwa wa mzee. Aliyeniambia ni mtaalamu wangu wa kumeza kliniki, mtandaoni sikupekua kitu. Kulikuwa na kundi la mazoezi mapya na kundi la huduma ya kawaida. Kura ikaniangukia la kawaida. Nilinuna wiki nzima!

Faida niliyoipata sikuitarajia: walinipiga eksirei ya video mara tatu, unameza biskuti iliyopakwa bariamu, kitu kinachoonekana kwenye eksirei, huku wanaangalia chakula kinapita wapi. Wakaona nikiinamisha kidevu maji hayaingii njia ya hewa. Mzee asiige hilo kabla hajapimwa, kwa wengine haisaidii au inaharibu zaidi. Lakini ulizia hospitali kubwa yenye mashine ya fluoroskopi, yaani hiyo eksirei ya video, kama wanafanya kipimo hicho. Mie ningetafuta kipimo kabla ya jaribio.

Na jambo la safari: mie nilikwenda mara kumi na moja, nakaa vituo vinne vya treni kutoka hospitali. Sijaona utafiti wa namna hii unaomleta mtu kwa ndege.

Mama Lishe Bora

Wakati mnatafuta, uji umpimie. Chukua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano, ziba chini kwa kidole, jaza mpaka 10, achia sekunde 10, ziba tena. Zikibaki 1 mpaka 4 ni mzito kidogo sana, 4 mpaka 8 ni mzito kidogo, zaidi ya 8 ni wa wastani. Ndicho kipimo cha IDDSI, utaratibu wa kimataifa wa kupanga uzito wa vyakula na vinywaji kwa wenye shida ya kumeza. Angalia tu bomba lenyewe, kutoka 0 hadi 10 liwe na urefu wa milimita 61.5, maana yapo mafupi yanadanganya. Mtaalamu akikwambia "mpe uzito wa namba 2", yaani ule mzito kidogo, mtakuwa mnaongea lugha moja, leo na kesho uji ule ule. Na kinywa kisafishwe asubuhi na usiku hata kama hajala. Mate machafu yakiingia mapafuni ndiyo hiyo nimonia.

Binti wa Pongwe

Asanteni, Mungu awalipe. Mrejesho.

Kaka wa WhatsApp nilimwomba namba ya usajili. Akasema ni siri ya kampuni. Nikamwambia namba ya siri inasajiliwaje, akanifungia. Pikipiki ipo.

Nimepekua madaftari yote mawili usiku mbili. Yaliyo wazi mengi yako mbali, na mawili niliyoyapenda yanataka kiharusi kisichozidi mwezi mmoja. Moja la tatizo sugu linahitaji mtu aishi karibu na kituo. Nimeandika barua pepe kwa anwani iliyowekwa pale, nikaambatanisha karatasi za hospitali. Kipimo cha video tumeambiwa twende Dar, tumepewa tarehe ya mwezi ujao. Uji wetu zimebaki 6, bomba nililipima kwa rula.

Bibi Nesi, umenigusa kweli. Jana baada ya Isha nilikaa na baba nikamsomea yote, la umeme, la kura, la kujitoa. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja: huko kwenye utafiti, kahawa wanaruhusu?

Nimeongeza swali hilo kwenye barua pepe.